Severn Valley, Kidderminster: treni pandeni, lakini msiondoke bila kuingia karakana ya dizeli

Wadau wa Midlands hapa Uingereza na nyie mnaouliza kila wikendi watoto wapelekwe wapi bila kuishia madukani, leo nawapa riviu ya Severn Valley Railway pale Kidderminster, ila nitaongea zaidi kuhusu karakana yao ya dizeli maana naona watu wengi wanaenda pale, wanapanda treni ya moshi, wanapiga picha, wananunua keki na chai, wanarudi nyumbani wamefurahi kabisa na hawajui kwamba kitu kitamu kuliko vyote kiko hapo hapo yadi ya Kidderminster, ndani ya banda moja kubwa limejaa wazee na vijana wenye ovaroli zilizolowa oili, na wengi wao hawalipwi hata senti.

Kwa wasioijua. Ni reli ya zamani ya maili 16, inatoka Kidderminster inapita Bewdley, Arley, Highley, Hampton Loade mpaka Bridgnorth, sehemu kubwa ya njia mto Severn uko ubavuni kwenu, na mkikaribia Arley mnavuka Victoria Bridge, daraja la chuma la 1861 linaruka mto kwa futi 200 bila nguzo katikati. Abiria wa kupita njia nzima walikatizwa 1963, basi raia wa kawaida wakachangishana wakaanza kuifufua kipande kwa kipande, 1970 Bridgnorth mpaka Hampton Loade, 1974 wakafika Bewdley, 1984 ndio wakafika Kidderminster. Volontia wao wanazidi 1,000, kuanzia mkata tikiti, dereva, mtu wa signali mpaka anayepaka rangi mabenchi. Kufika ni rahisi, unachukua treni ya kawaida Birmingham, Snow Hill au Moor Street, ukishuka Kidderminster stesheni yao iko ubavuni hapo hapo, teksi ya nini. Kitu kimoja cha kuangalia kabla ya kusafiri: Januari 2025 tuta liliporomoka Mor Brook karibu na Bridgnorth, treni zikawa kwa muda zinaishia Hampton Loade, kwa hiyo hakikisheni siku yenu treni inafika wapi. Karakana yenyewe iko mwisho wa upande wa Kidderminster, haikuguswa na hayo mambo.

Sasa karakana. Ilifunguliwa 2016, banda la kisasa, reli kadhaa zinaingia ndani, kuna mashimo marefu ya kusimama chini ya kichwa cha treni ukaangalia breki na mota bila kulala kwenye matope. Kabla ya hapo kazi nyingi walikuwa wanafanyia nje, na Januari ya nchi hii mnaijua, mtu yuko chini ya tani 117 za chuma anafungua nati iliyoganda tangu enzi za British Rail, lile shirika la reli la taifa, na vidole havisikii kitu, na hana mshahara, na keshokutwa anarudi tena. Mi hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Ila mjue haiko wazi kila siku kama duka, ni sehemu ya kazi, kuna umeme mkubwa, kuna majeki, hawawezi kuacha watoto wakimbizane humo. Siku nzuri ni zile za tamasha la dizeli, la majira ya kuchipua huwa mwezi wa tano, siku hizo ndio vichwa vinatolewa, vinavuta mabehewa njia nzima, na karakana inafungua milango watu wapite kwa utaratibu.

Ukiingia harufu ya dizeli, grisi na rangi mbichi inakupokea mlangoni. Mastaa wa pale ni Class 50, aina ya vichwa vya dizeli, na hizi nataka nizielezee vizuri maana zina historia ya kusikitisha kidogo. Kampuni ya English Electric ilizitengeneza kiwandani Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, 1967 na 1968, jumla 50, kila moja ina nguvu za farasi 2,700 na spidi ya maili 100 kwa saa. Angalieni hiyo tarehe. Treni za moshi za British Rail zilikufa Agosti 1968. Yaani hizi ndizo zilizokuwa zinakuja kuzika zile za moshi, na wapenda reli wa Kiingereza wa wakati ule walizichukia kweli kweli, kwao dizeli ilikuwa sanduku lisilo na roho. Zikafanya kazi Crewe kwenda Glasgow zikifungwa mbili mbili mpaka waya za umeme zilipofika 1974, ndio zikahamishiwa upande wa magharibi, na kuanzia 1978 zikapewa majina ya manowari: Ark Royal, Hood, Exeter, Hercules, Defiance. Leo zilizobaki hazifiki 20 dunia nzima, na wanaolala usiku wanaziwaza ni watu wa kizazi kile kile pamoja na watoto wao. Dunia hii.

Kundi linaloziangalia linaitwa Class 50 Alliance, lilitokana na vikundi viwili, Fifty Fund na Project Defiance, vilivyoungana 2006. Utaratibu wao mi nimeupenda. Kichwa si mali ya reli, ni mali ya kikundi, wanachama wanatoa hela zao, wanauza fulana na vikombe, wanaokota spea popote zilipo, na kazi wanafanya wenyewe. Hercules na Defiance walizifikisha kiwango cha kuruhusiwa tena kwenye njia kuu za Network Rail, na 2019 zikapakwa rangi za kampuni ya mizigo ya GB Railfreight. Fikiria, kichwa cha 1968, kimefufuliwa na watu wa kujitolea, kinarudi kupangiwa kazi na kampuni ya kibiashara. Kule kwetu hata matatu ya 1998 tunaiona ya makumbusho.

Sasa mniache niwape utamu wenyewe, kazi.

Kichwa kama hiki kikilala wiki kadhaa hakiwashwi kama Probox, unageuza ufunguo unaondoka. Kwanza wanafungua valvu ndogo za silinda, zote 16, wanaizungusha injini polepole wakiangalia kama kuna maji yatatoka, maana maji yakivuja yakakaa juu ya pistoni halafu wewe ukabonyeza stata, maji hayabanwi kama hewa, kitakachosalimu amri ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, na hapo umeua injini ambayo hakuna duka linaiuza. Wakiridhika wanawasha pampu ya oili peke yake kwanza, oili itembee ifike kwenye beringi zote kabla chuma hakijaanza kusuguana. Ndio sasa betri zinapeleka moto kwenye ile jenereta kubwa, na hiyo jenereta ambayo kazi yake ya kila siku ni kuzalisha umeme, kwa dakika hiyo inageuka kuwa stata, inaizungusha injini mpaka silinda ya kwanza inashika, halafu ya pili, halafu zote, banda zima linatetemeka, moshi unatoka mweupe halafu mweusi halafu unasafika. Pale karibu na mimi kulikuwa na mtoto wa kama miaka sita ameziba masikio na bado anacheka.

Kuna mzee mmoja wa kujitolea, kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa umeme wa kiwandani, alitukalisha watu kama kumi akatuonyesha brashi za kaboni za mota ya magurudumu. Hizi dizeli za umeme injini haigusi magurudumu kabisa, injini inazungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme kwa mota sita, moja kila ekseli. Brashi ni kipande cha kaboni kinachokaa kinasugua kwenye shaba inayozunguka, kinaliwa taratibu, na vumbi lake likijaa humo ndani umeme unaruka unapokatazwa kuruka na mota inaungua. Kwa hiyo kuna mtu kazi yake siku nzima ni kulala shimoni na tochi, kufungua vifuniko, kupima brashi moja moja, kupuliza vumbi, kufunga, kwenda mota inayofuata. Hakuna anayempiga picha huyo. Watu wanapiga picha rangi.

Na rangi nayo ni balaa lake. Bati la hivi vichwa limekula chumvi na mvua miaka zaidi ya 50, kutu inaanzia ndani kwenye kona ambako maji yanatuama, ukiona kipovu kidogo nje ujue nyuma kumeshakwisha. Wanakata kipande, wanachomelea bati jipya, wanapaka pati, msasa, pati tena, msasa tena, praima, msasa, rangi, na ukipita haraka utasema "aa kimepakwa rangi tu". Nilimuuliza dada mmoja kijana aliyekuwa anapiga msasa mlango wa dereva kama hachoki, akasema mlango huo ameshaanza kuuota usiku. Na alikuwa anacheka.

Hapa nitasema jambo ambalo wapenda moshi hawatalipenda. Mi naona kufufua dizeli ni kugumu kuliko kufufua treni ya moshi. Ile ya moshi ni kubwa na nzito, sawa, boila ni gharama za kutisha, lakini karibu kila kitu humo fundi hodari mwenye moto, nyundo na mashine ya kukereza anaweza kukitengeneza upya kutoka kwenye mchoro. Dizeli ina turbo, ina noseli za mafuta zilizokatwa kwa vipimo vya nywele, ina mpira wa kuzuia maji ambao aliyeutengeneza alishafunga kiwanda, ina kabati la umeme limejaa rilei na waya maelfu. Class 50 zilipotoka kiwandani zilikuwa na elektroniki nyingi mno kwa wakati wake, zikasumbua hadi British Rail wenyewe wakazipeleka Doncaster kati ya 1979 na 1983 wakang'oa baadhi ya hayo madude, zikiwemo feni za kuchuja hewa zilizokuwa zinavuma mpaka watu wakazibatiza Hoover, kama ile mashine ya kufyonza vumbi. Kama shirika la taifa lenye mainjinia wa mshahara lilitoka jasho, hawa wa Jumamosi wanaziwezaje? Wanaziweza kwa sababu hawana haraka. Kazi ambayo kampuni ingesema haina faida wao wanaifanya miaka saba.

Tukitoka kwenye 50, kuna zile Western, aina nyingine ya vichwa vya dizeli, na hizi kwa macho yangu ndizo nzuri kuliko zote, zina uso wa heshima. 74 zilijengwa Swindon na Crewe kati ya 1961 na 1964, saba tu zimebaki, na mbili kati ya hizo saba ni za Western Locomotive Association ya hapa: Western Ranger namba D1013 na Western Courier namba D1062. Hizi hazina mota za umeme. Zina injini mbili za Maybach za asili ya Kijerumani, kila moja farasi 1,350, na nguvu inafika magurudumuni kwa kusukumwa na oili ndani ya giaboksi ya Voith. Ukisikiliza utajua tofauti bila kuambiwa, English Electric inazunguka mara 850 kwa dakika ikiwa fulu, sauti nzito ya kifuani, Maybach inafika 1,500, inalia kama imekasirika. British Rail ilizitupa kwa sababu hazikufanana na nyingine zote, mafundi wake tofauti, spea zake tofauti. Safari ya mwisho ilikuwa Februari 1977, na mmoja wa waliovuta siku hiyo alikuwa huyu huyu Western Ranger. Mi nikasimama nikapiga hesabu, 1977 ndio mwaka ambao Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilivunjika na East African Railways ikagawanywa vipande vitatu. Mwaka mbaya kwa reli huo.

Na hapo sasa ndipo pananigusa mimi mtoto wa Mombasa. Wangapi mnajua kwamba English Electric hawa hawa, kutoka Newton-le-Willows hiyo hiyo, ndio walioleta vichwa vya dizeli kwetu? East African Railways walianza kuvipokea 1960, klasi ya 90, baadaye zikaitwa klasi ya 87, za reli ya mita moja, ndefu, pua mbele, zikavuta mizigo na abiria kutoka bandarini kwenda bara. Marehemu baba mdogo wangu alikuwa fundi wa sheddi, alikuwa akizitaja kwa namba kama watu wanavyotaja wachezaji, na akizisikia zinapanda kutoka Changamwe anajua ipi ina shida bila kuiona. Kwa hiyo nilipoisikia Ark Royal ikivuta mabehewa kuondoka Kidderminster, ule mngurumo wa kupanda polepole na filimbi ya turbo juu yake, wallahi nilitafuta mahali nikakaa. Si mashine ile ile, lakini ni ukoo mmoja, sauti ya ukoo haipotei.

Makumbusho yetu ya reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, mastaa wake ni treni za moshi, zile Garratt kubwa zenye majina ya milima kama Mount Gelai, na ni haki yake kabisa, nani atashindana na Garratt. Lakini dizeli ndizo zilizotulea sisi wa miaka ya sabini na themanini, ndizo tulizopanda kwenda shule za bweni, na hazina mtetezi. Mtu anaiona kama chuma chakavu cha kupima kwa kilo. Hawa Waingereza nao walikuwa wanaziona hivyo hivyo, tofauti ni kwamba watu kadhaa walikaa baa wakasema tuchange.

Haya, tuje kwenye mabaya, au tuseme ya kujipanga nayo. Reli yenyewe inaruhusiwa maili 25 kwa saa tu, ndio sheria ya reli hizi ndogo za urithi, kwa hiyo kichwa cha maili 100 kinatembea kama mzee anayetoka msikitini, mwenye kutaka spidi atachoka. Kwenda mpaka mwisho na kurudi ni siku nzima mkishukashuka njiani, msipange kitu kingine. Tikiti kwa familia kubwa si kitu cha kununua bila kupiga mahesabu, bora mtafute ile ya siku nzima ya kupanda na kushuka mpendavyo muitumie kisawasawa. Karakana ina kelele na moshi, mwenye pumu afikirie, watoto wachanga wabebewe vile vya kuziba masikio. Viatu vya wazi na kanzu nyeupe acheni nyumbani, sitarudia. Chakula, mi mtu wa biriani, siwezi kuwa hakimu wa sandwichi, bebeni chenu mkale Arley kwenye mabenchi, stesheni ile ina maua utadhani harusi.

Mkifika Highley shukeni pia, kuna jengo la Engine House lililofunguliwa 2008, ndani kuna vichwa vya moshi vilivyopumzika, ni pazuri lakini ni pa kuangalia tu, kila kitu kimesafishwa, kimya. Baada ya karakana mi niliona kama chumba cha wageni.

Kwa wenye watoto wa shule, hasa wale wasioshikika na vitabu, nawaambia kabisa wapelekeni siku ya tamasha. Wale volontia hawana kiburi, uliza swali la kijinga utajibiwa dakika ishirini, na watampa mtoto ashike spana yenye urefu wa mkono wake. Msiogope kwamba mtaonekana wageni, ni kweli sura za kwetu ni chache pale, mara nyingi utajikuta peke yako, lakini ukishauliza tu "hii turbo iliwahi kupasuka?" umeshakuwa ndugu.

Nyota nimewapa nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa sababu karakana ingestahili siku nyingi zaidi za wazi kwa mwaka, ingawa najua wakifungua kila siku hakuna nati itakayofungwa.

Mwenye kutaka kujiunga kabisa, vikundi vyote viwili, Class 50 Alliance na Western Locomotive Association, vinapokea wanachama, ada ya mwaka unalipa na ukitaka kufanya kazi unajiandikisha, unapitishwa kwenye mafunzo ya usalama, na kutokuwa fundi hakukuzuii. Unaanza na brashi ya waya na kutu. Mimi nimeshachukua fomu, mke wangu ameuliza ovaroli zitafuliwa na nani, mazungumzo bado yanaendelea.